Mgeni Aliyekataa Kula

Hospitali ile kubwa ilikuwa na madaktari wengi, wauguzi wengi, na korido ambazo hata wafanyakazi wa zamani walipotea, lakini sauti ilikuwa moja. Ukipiga simu kumuulizia mgonjwa wako, au kumtafuta daktari, au kutaka kujua maiti ya ndugu yako inachukuliwa mlango gani, aliyekupokea alikuwa yeye: "Halo, hospitali hapa, nikusaidie nini?" Alikaa kwenye kijichumba kisicho na dirisha, chini ya ngazi, spika za masikioni zimembana kichwa, vidole vikicheza juu ya vitufe vya swichibodi kama mtu anayechambua mchele. Watu wakambandika jina la Bi Halo. Jina likaganda, hata kaka yake wa damu akawa anamwita hivyo hivyo.

Sauti ilijulikana, sura hapana. Siku ya kumuaga alipostaafu, daktari bingwa wa upasuaji, ambaye walikuwa wakiongea kila siku iendayo kwa Mungu tangu nywele za bwana huyo zikiwa nyeusi, alimkuta mlangoni akamuuliza, "Samahani mama, Bi Halo mwenyewe ameshafika?" Watu waliangua kicheko, naye akacheka kuwashinda wote. Akarudi nyumbani na blanketi la zawadi na kipande cha keki kwenye karatasi ya jikoni. Keki aliila kesho yake, amesimama.

Hakuwahi kuolewa. Wachumba walikuja, maana sauti ile ilikuwa na asali, lakini mama yake aliugua miaka mingi, na katika watoto wote ni yeye aliyebaki kumgeuza kitandani na kumlisha uji. Mama alipofariki, Bi Halo alikuwa ameshavuka umri wa kuulizwa ataolewa lini. Kazi ilimfichia upweke wake kwa muda. Kazi ilipokwisha, upweke ukatoka ulikojificha ukakaa kitako. Nyumba yenyewe ilikuwa ghorofa ya pili: sebule, chumba chake, chumba cha nyuma alicholala mama, na jiko. Kimya kilikuwa kingi hata kijiko kikigonga sahani yeye mwenyewe anashtuka. Kuna asubuhi alijikuta anamwamkia mtangazaji wa redio.

Ndipo mtoto wa kaka yake alipokuja na sanduku la kioo.

Kijana huyo alikuwa na kisomo cha wanyama, na alikuwa amejitolea muda mrefu kwenye bustani ya nyoka iliyo nje ya mji. Sasa alikuwa amepata kazi nchi ya mbali. Alipanda ngazi akihema, sanduku mikononi, na ndani yake kitu kimejiviringa, cha rangi ya kahawa na madoa kama ya ndizi iliyoiva sana.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba. Hicho nini?"

"Chatu."

Bi Halo akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa friji. "Mpeleke kwa mama yako."

"Mama amesema akiingia yeye, mama anatoka. Shangazi, huyu si wale wakubwa. Haongezeki zaidi ya hapa sana, hana sumu, amezaliwa bustanini, kibali chake hiki. Akiogopa anajikunja tu kama mpira. Ni mpaka nijipange kule, kisha nitatafuta utaratibu."

"Baba, mimi nimekula chumvi nyingi, lakini kulala na nyoka nyumba moja, bado."

"Shangazi, sina mwingine."

Maneno hayo ndiyo yaliyomshinda. Miaka mingi hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba hana mwingine ila yeye. Akatazama lile sanduku, akatazama kijana, akasema, "Haya, weka. Nyoka wa miguu miwili nimefanya nao kazi maisha yangu yote. Huyu asiye na miguu atanifanya nini?"

Kijana aliliweka chumba cha nyuma, juu ya meza imara, mbali na dirisha. Alimwonyesha kila kitu mara mbili. Upande mmoja chini ya sanduku ulikuwa na mkeka mdogo wa umeme wa kutia joto, na mkeka ule uliunganishwa na thamostati, kidude cha kuukata umeme joto likizidi. Upande wa pili uliachwa bila joto, ili mwenyewe achague. Kila upande ulikuwa na pango dogo la kujificha, la plastiki, mfano wa jiwe. Kulikuwa na bakuli la maji, magazeti ya kutandika, na kifuniko chenye vikomeo pembe zote. Panya wa kumlisha walikuwa wamegandishwa, kwenye mkebe uliofungwa vizuri ndani ya friza. Wayeyushwe, wapashwe kwenye maji ya moto, washikwe kwa koleo refu, kisha mikono ioshwe kwa sabuni. Nyoka alikuwa na jina la kizungu ambalo ulimi wa Bi Halo ulilikataa. Akamwita Mgeni.

Mara ya kwanza kumlisha alivaa glavu za kuoshea vyombo na koti la mvua. Mgeni alitoa kichwa pangoni, akanusa kwa ulimi, na kufumba na kufumbua panya hayupo kwenye koleo. Bi Halo alipiga yowe, kisha akacheka peke yake mpaka akakaa sakafuni. Alipokuwa akiosha mikono alihisi jambo ambalo hakulitarajia: furaha ya mtu aliyepika na chakula kikaliwa.

Basi hofu ikaanza kumtoka, na hofu ikishatoka mazoea hayachelewi. Alianza kwa kukaa chumba cha nyuma na kikombe chake cha chai. Kisha akaona kwa nini wakae huko kama wako wodini, akalihamishia sanduku sebuleni, karibu na runinga, chini ya dirisha. Soketi ya sebuleni ilikuwa moja na runinga ilikuwa imeshaichukua, kwa hiyo ile thamostati na mkeka wake vikabaki chumba cha nyuma. Badala yake akachukua taa ya mezani, akaiunga kwa waya mrefu kutoka jikoni, akailaza juu ya wavu wa kifuniko. Mapango nayo yalimkera, maana kila akitaka kumwona Mgeni anaona jiwe la plastiki. Akaliondoa moja. Baada ya muda akaliondoa na la pili.

Asubuhi alimtoa akamvisha shingoni wakati anasikiliza taarifa ya habari. Jioni akamtoa tena. Alimsimulia habari za hospitali: nani alimpenda nani, daktari gani alikuwa akizikwepa simu za mkewe, na sauti za watu wanaopokea habari mbaya zinavyofanana, matajiri kwa maskini. Mgeni alikaa mabegani mzito, wa ubaridi kidogo, akitoa ulimi na kuurudisha. Tangu mama afe, hakuna kiumbe kilichokuwa kimemgusa kwa muda mrefu namna ile.

Kisha Mgeni akaacha kula.

Mara ya kwanza Bi Halo hakujali. Mara ya pili alimtikisia panya mbele ya pua, Mgeni akageuza uso pembeni kama mtoto anayekataa dawa. Akajaribu panya mdogo, akajaribu mkubwa, akajaribu kumbembeleza kwa maneno aliyokuwa akimwambia mama yake: "Kidogo tu. Hiki kimoja kwa ajili yangu." Akawa anampa kila siku, na kila siku anatupa.

Akampigia simu mtoto wa kaka. Nyuma ya sauti ya kijana kulikuwa na kelele za watu na magari.

"Nyoka huwa wanafunga, Shangazi. Akitaka kujivua gamba hali. Macho yamepauka?"

"Hayajapauka."

"Basi msubiri tu. Nipo kazini, nitakupigia."

Hakupiga. Bi Halo akaenda duka la wanyama akanunua panya mzima, akidhani labda Mgeni amechoka na vyakula vya friza. Alimtumbukiza ndani ya sanduku. Mgeni alijikunja akawa mpira, akaficha kichwa katikati. Panya akazunguka, akanusa, kisha akaanza kumng'ata mkia. Aliyewindwa akawa mwindaji! Bi Halo alimtoa panya kwa koleo huku akilia, akabaki anatazama kidonda chekundu, kidogo, juu ya magamba yale mazuri.

Siku hiyo, kwa kuchanganyikiwa, hakufunga vikomeo. Aliegesha kifuniko, akaweka juu yake kitabu cha simu cha zamani. Alipotoka kuoga, kitabu kilikuwa sakafuni na sanduku lilikuwa tupu.

Ghorofa ya chini aliishi fundi cherehani, mjane mwenye watoto watatu, na huyo ndiye mtu pekee katika jengo lile aliyekuwa akipanda kumtembelea. Hakuwahi kuogopa sanduku kwa sababu aliambiwa limefungwa. Sasa Bi Halo alilazimika kushuka, nywele zikidondosha maji, akasimama kwenye mlango wake.

"Mama watoto, naomba uniwie radhi. Mgeni ametoka."

"Mgeni gani?" Kisha fundi akaelewa. Sindano aliyokuwa ameibana midomoni ikaanguka. "Ametoka kwenda wapi?"

"Sijui. Hana sumu, haumi—"

"Bi Halo, usinieleze haumi! Mimi nina mtoto anayetambaa."

Aliwakusanya watoto kitandani, akaziba chini ya mlango kwa vitambaa. Lakini alikuwa mtu wa utu. Akapanda juu na ufagio na tochi, wakatafuta wote wawili chini ya makochi, nyuma ya pazia, ndani ya viatu. Wakamkuta nyuma ya friji, kwenye mota, amejibana palipo na joto, vumbi limemganda mwili mzima. Bi Halo alimvuta polepole, akamrudisha ndani, akafunga vikomeo vyote.

Fundi alikuwa ameshafika mlangoni. "Bi Halo, mimi nakuheshimu kama dada yangu mkubwa," alisema. "Lakini hapa siji tena." Hakugomba. Afadhali angegomba.

Asubuhi yake Bi Halo alimtia Mgeni ndani ya foronya, akaifunga kwa fundo, akaiweka kwenye kikapu chenye mfuniko, akaenda bustani ya nyoka. Alipokelewa na mwanamke mtunza nyoka, mtu wa makamo, buti za mpira miguuni na kovu kwenye kidole gumba. Alimpokea Mgeni kwa mikono miwili, akamweka kwenye mizani, akamfungua kinywa kwa kijiti, akamsikiliza pumzi, akampekua magamba akitafuta utitiri, akakisafisha kidonda cha mkia.

"Amepungua kidogo, si vibaya sana. Kinywa kisafi, mapafu hayana makamasi," alisema. "Anakaa wapi, mama?"

"Sebuleni. Chini ya dirisha."

"Jua linaingia?"

"Mchana linaingia vizuri tu."

"Na alfajiri?"

"Alfajiri pana baridi."

"Joto anapata wapi?"

Bi Halo akaeleza habari za taa. Mtunza nyoka akaacha alichokuwa akifanya. "Imelala juu ya wavu? Karibu na pazia? Mama, huo ni moto unaotafuta nyumba. Siku moja utamkuta ameungua, au mtaungua wote. Na kioo juani kinakuwa sufuria. Mapango yapo?"

"Niliyatoa. Nilikuwa simwoni."

"Unamshika mara ngapi?"

Bi Halo alitazama kikapu chake. "Asubuhi," alisema. "Na jioni. Na wakati mwingine mchana, kama hakuna kipindi redioni."

Mtunza nyoka hakucheka. Akavuta vigoda wakakaa wote wawili.

"Sikiliza, mama. Kuna nyoka wanaacha kula kwa ugonjwa, na huyo ungeona anatoa mapovu, anahema mdomo wazi, anakonda mgongo ukachongoka. Kuna wanaoacha kwa sababu ya kujivua gamba, au msimu wa baridi, au wakati wa kutafuta jike. Huyu wako hana hata moja. Huyu hajapata mahali pa kujificha. Nyoka asiyejificha anajiona yuko njiani, kila kinachopita kitamla. Na anayeogopa kuliwa, atakula saa ngapi? Halafu tumbo lake linafanya kazi kwa joto la nje. Joto likiyumba hata akimeza hatasaga, atatapika."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Mrudishe chumba kile cha kwanza. Thamostati irudi. Mapango yarudi, ya kumbana hasa, aguse kuta pande zote. Ziba vioo kwa kitambaa pande tatu. Funga vikomeo hata kama unakwenda kuchukua chumvi tu. Panya mzima usimpe tena, umeona mwenyewe. Halafu umwache."

"Nimwache vipi?"

"Umwache, mama. Usimshike. Ingia kubadilisha maji, toka. Mpaka atulie, ndipo umpe chakula, na akikataa usimsumbue kesho yake, ngoja wiki au zaidi."

Bi Halo aliisokota ncha ya foronya. Swali lilikuwa limemkaa kooni tangu alipoingia. "Mwanangu, yeye ananijua?"

"Harufu yako anaijua. Pengine ameshajua kuwa huna madhara. Zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya."

"Na nikimsemesha?"

"Mtikisiko anausikia, hatua zako zile. Maneno, kidogo sana. Masikio ya nje hana." Akamgusa mkono. "Kama ni mzigo, tuachie hapa. Hakuna atakayekulaumu."

"Si mzigo," alisema Bi Halo haraka mno. Na barabara nzima ya kurudi alikiweka kikapu mapajani, ila hakukisemesha.

Alifanya yote kama alivyoambiwa. Alilirudisha sanduku mezani chumba cha nyuma, akaunga tena mkeka na thamostati, akapima joto la upande huu na la upande ule kwa kipimajoto mpaka yakatulia. Taa ya mezani akaivua balbu. Mapango yaliporudi, Mgeni alitambaa moja kwa moja akaingia la upande wa joto, mkia ukafuata polepole, akapotea. Hakutoa hata kichwa kutazama nyuma. Bi Halo akateremsha kitambaa, akafunga vikomeo, akavuta mlango.

Kilichofuata kilikuwa kigumu kuliko alivyodhani. Kazini alizoea kungoja, lakini alikuwa akingoja na simu zinalia. Sasa sebule ilibaki na alama ya mraba pale sanduku lilipokuwa, zulia halijapauka. Jioni mabega yake yalikuwa mepesi hadi akajifunga lile blanketi la hospitali ingawa hapakuwa na baridi. Alipika, akala, akaosha sahani moja. Ngazini alikutana na fundi cherehani, wakasalimiana vizuri, kila mmoja akapita na njia yake.

Kuna mchana mmoja alishindwa. Aliingia chumba cha nyuma, akafungua komeo la kwanza, la pili, mkono ukaingia mpaka kwenye kiwiko. Vidole vilikuwa vimeshagusa pango. Akahisi joto lake, na ndani kimya kabisa. Akakumbuka mama yake siku za mwisho, alivyokuwa akifumba macho kila mlango ukifunguliwa, na yeye Bi Halo akiendelea kuingia, mto huu, kijiko hiki, umelala mama, umeamka mama? Siku zile alidhani macho yanafumbwa kwa maumivu. Alitoa mkono. Akafunga vikomeo vyote, akaenda jikoni akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akalia kilio kisicho na sauti, akamaliza, akanawa uso.

Muda ulipotimia akayeyusha panya, akampasha kwenye maji ya moto, akamkausha. Hakumtikisa, hakubembeleza. Alimweka mlangoni mwa pango kwa koleo, akafunga, akazima taa, akatoka kwa vidole vya miguu. Hakurudi kuchungulia ingawa mwili wote ulimwasha.

Asubuhi alikuta gazeti tupu. Akatazama pembeni, akatazama nyuma ya bakuli, hapakuwa na panya. Mdomoni mwa pango kulionekana kipande cha mwili kilichovimba katikati, kimetulia. Alikuwa amekula gizani, peke yake, kama anavyopenda.

Bi Halo alimpigia mtoto wa kaka, simu ikaita mpaka ikakata. Akashuka ngazi, akabisha.

"Nani?"

"Ni mimi. Amekula."

Mlango ulifunguka kiasi cha uso. Fundi alikuwa na futi ya kupimia shingoni, na mtoto kiunoni. "Nani amekula?"

"Mgeni. Alikuwa hajala muda mrefu. Nimeona nimwambie mtu."

Fundi alimtazama yule mama mwenye kanga ya usingizini, macho mekundu, anatabasamu kama aliyepata mjukuu. "Na kifuniko?"

"Vikomeo vyote. Na mlango wa chumba nafunga kwa ufunguo."

"Haya, Bi Halo. Nimefurahi kusikia." Alisita kidogo, kama mtu mwenye neno jingine. Mtoto akaanza kulia, na mlango ukafungwa taratibu.

Mtoto wa kaka alipiga baada ya siku kadhaa. Alisema mkataba wake umeongezwa, hatarudi karibuni, na kama Shangazi amechoka anaweza kumwombea Mgeni nafasi kule bustanini. Bi Halo akamwambia amwache, ndiyo kwanza ametulia. Kijana akashukuru, akasema atapiga tena, akakata.

Tangu hapo Mgeni alikula, akasaga, akajivua gamba lote zima kama soksi. Msimu wa baridi ulipofika alikataa tena, na safari hii Bi Halo hakukimbia huku na kule. Alimpima uzito, akaona haujashuka, akamwacha afunge mfungo wake. Siku mojamoja alimshika kwa muda mfupi, siku za chakula hapana.

Jioni moja, baada ya kubadilisha maji, alikaa kwenye kigoda kando ya ukuta wa chumba kile, mbali na meza, taa imezimwa, mwanga kidogo ukiingia kutoka koridoni. Hakuwa na nia ya lolote. Miguu ilikuwa inamuuma. Mgeni akatoka. Alitoka mwenyewe, kichwa kwanza, akapima hewa kwa ulimi, akatambaa kwenye gazeti mpaka kwenye bakuli. Akanywa kwa muda mrefu, koo likipanda na kushuka. Bi Halo alizuia pumzi. Neno lilimjia mdomoni, akalimeza. Mgeni alipotosheka akazunguka sanduku lake lote bila haraka, akapita upande ule aliokuwa amekaa Bi Halo, hakusimama, akaingia pango la upande wa baridi.

Bi Halo alikaa pale mpaka miguu ikapoa, kisha akainuka kwenda kupasha chakula chake.